Hatua 2,300 kwa Siku: Hesabu za Uchaguzi wa Kazi katika Gemu za Makazi

Siku moja ya mkazi katika gemu ya RimWorld ina mipigo 60,000. Mpigo ni kipande kidogo kabisa cha muda ndani ya gemu: kompyuta inapiga hesabu ya kila mtu na kila kitu mara moja, kisha inaingia mpigo unaofuata. Kwa kasi ya kawaida mipigo 60 hupita kila sekunde. Siku nzima ya mkazi, basi, inakula sekunde 1,000 za mchezaji, yaani dakika 16 na sekunde 40.

Siku hiyo yote si ya kazi. Ratiba ya kawaida inampa mkazi saa 8 za usingizi kati ya saa 24, na nitaondoa saa 4 nyingine kwa ajili ya chakula na burudani. Hizi saa 4 ni makadirio yangu. Wachezaji wengine watasema 3, wengine 5. Zinabaki saa 12, mipigo 30,000, sawa na sekunde 500. Mtu mzima mwenye afya hutembea miraba 4.6 kwa sekunde. Akitembea tu bila kushika kitu, atamaliza miraba 2,300. Hiyo ndiyo bajeti ya miguu yake, na karibu kila hoja inayofuata inapimwa kwayo.

Ramani ya kawaida ni miraba 250 kwa 250, jumla 62,500. Kutoka ukingo mmoja hadi wa pili na kurudi ni miraba 500, asilimia 21.7 ya bajeti. Safari nne za namna hiyo zinabakiza miraba 300, na mkazi hajapanda mche wala hajagonga msumari.

Ndipo linapozaliwa lalamiko ambalo kila mchezaji wa gemu za kuendesha makazi amewahi kulitoa: hawa watu hawana akili. Mpishi anaikanyaga nyama iliyolala mlangoni pa ghala na kwenda kufuata nyingine mbali. Fundi anabeba mbao za ukuta mmoja huku ukuta wa jirani ukisubiri mbao zilezile. Dawa inayopendekezwa karibu kila mara ni moja: wapewe kanuni bora ya kuchagua kazi. Swali la uchambuzi huu ni kanuni hiyo ingeokoa kiasi gani, na kwa gharama ya nani.

Kwanza, nani anachagua? RimWorld, iliyotungwa na Tynan Sylvester wa Ludeon Studios na kufikia toleo la 1.0 Oktoba 2018, inampa mchezaji jedwali. Kila mkazi ana mstari wake, kila aina ya kazi ina safu yake, na katika kila kisanduku mchezaji huandika kipaumbele kuanzia 1 hadi 4, au hukiacha kitupu. Mkazi akimaliza kazi huanza na visanduku vyenye 1, kutoka kushoto kwenda kulia, akikosa hushuka kwenye 2, na kuendelea. Umbali huulizwa mwishoni kabisa, baada ya aina ya kazi kuwa imeshaamuliwa.

Gemu ya msingi ina aina 20 za kazi. Wakazi 10 wanahitaji visanduku 200. Wakazi 50 wanahitaji 1,000. Kwa mkazi mmoja pekee, kila kisanduku kikiwa na hali 5, idadi ya mipangilio inayowezekana ni 5 iliyozidishwa yenyewe mara 20: zaidi ya trilioni 95. Wachezaji wengi hujaza visanduku kwa mazoea siku ya kwanza na kuvisahau. Sehemu ya kile kinachoitwa ujinga wa mkazi ni jedwali la mwenye gemu, na hakuna kipimo nilichokiona kinachotenganisha hayo mawili.

Gharama ya utaratibu huu inaonekana vizuri pale vipaumbele viwili vinapokutana na umbali. Kazi yenye 2 iko miraba 200 kutoka aliposimama. Kazi yenye 3 iko miraba 2. Mkazi ataifuata ya kwanza bila kusita. Mwendo huo ni sekunde 43.5, asilimia 8.7 ya siku yake ya kazi, na ile kazi ya miraba 2 itamngoja arudi, kama atarudi. Kuongeza ukaguzi mmoja mdogo, kwamba akiwa njiani aokote kilicho karibu kinachoelekea huko huko anakokwenda, ni badiliko dogo kuliko kuandika upya kanuni nzima. Wachezaji wamekwisha kulitengeneza wenyewe kama nyongeza ya gemu, jambo linaloonyesha kwamba si gumu.

Sasa tuingie ghalani, ambako muda mwingi hupotelea. Chukua mafungu 20 ya vitu mbalimbali, yote miraba 40 kutoka ghala. Mkazi wa RimWorld hushika kitu cha aina moja mikononi kwa safari moja. Kila fungu ni miraba 80 kwenda na kurudi. Mafungu 20 ni miraba 1,600, sekunde 348, asilimia 69.6 ya siku ya mtu mmoja.

Mpe mkazi huyo kanuni bora kabisa ya kuchagua aanze na fungu gani. Jumla itakuwa miraba 1,600. Mpe kanuni mbovu kabisa, ya kurusha shilingi juu. Jumla itakuwa 1,600. Kila safari inaanzia ghalani na kuishia ghalani, kwa hiyo kubadili mpangilio ni kubadili namba zinazojumlishwa zikae wapi kwenye mstari. Hata mafungu yakiwa na umbali tofauti, jumla haisogei. Kinachosogea ni kipi kiingie mapema, na hilo lina thamani yake: nyama mbichi isiyo kwenye baridi huanza kuoza baada ya siku 2, chuma hakiozi. Ila atakayekuambia kwamba uchaguzi bora wa mzigo utapunguza mwendo wa jumla katika hali hii, mwombe akuonyeshe hesabu.

Linganisha na badiliko lisilogusa uchaguzi: mkazi aruhusiwe kukusanya mafungu matano kwa safari moja. Safari zinashuka kutoka 20 hadi 4. Tuseme kutoka fungu moja hadi jingine ni miraba 6. Kwa mafungu matano kuna mapengo manne, miraba 24. Kila safari ni 80 na 24, yaani 104, na jumla ni 416. Miraba 1,184 imeokolewa, asilimia 74. Sekunde 348 zimekuwa 90.

Asilimia 74 ni namba tamu, na namba tamu hukaguliwa mara mbili. Mkazi mzima anaweza kubeba mwilini kilo 35. Kipande kimoja cha chuma kina nusu kilo, na fungu lililojaa lina vipande 75, kilo 37.5. Hata moja halitoshi, sembuse matano. Faida ile ni ya manyoya, dawa za miti, nguo na mabaki ya vita. Siku ambayo ghala linapokea madini, faida inakaribia sifuri. Nitarudi kwenye jambo hili nikifika kwenye shilingi.

Hoja ya wanaotaka kanuni bora inapata nguvu pale watu wanapokuwa zaidi ya mmoja. Mwaka 1955 Harold Kuhn, mwanahisabati wa Marekani, alichapisha njia ya kugawa kazi kwa watu ili gharama ya jumla iwe ndogo kuliko ugawaji mwingine wowote. Akaiita njia ya Kihungaria, kwa heshima ya Dénes Kőnig na Jenő Egerváry ambao kazi zao ndizo zilizokuwa msingi wake. Nitaiita ugawaji wa pamoja. Inayoshindana nayo ni kanuni ya karibu kwanza: anayeuliza mapema anachukua kazi iliyo karibu naye, na wa nyuma anapata kilichobaki.

Wachukue Asha na Musa kwenye njia moja iliyonyooka. Asha yuko alama ya 0, Musa alama ya 30. Kuna kazi mbili: moja alama ya 20, nyingine miraba 25 upande wa pili wa Asha. Asha anauliza kwanza, anachukua ya 20. Musa anabaki na ile ya mbali, miraba 55. Jumla 75. Ugawaji wa pamoja ungempeleka Asha miraba 25 na Musa miraba 10. Jumla 35. Zimeokolewa 40, asilimia 53.3.

Mfano huo nimeuchagua kwa makusudi uipendelee njia ya Kuhn. Hata hivyo, angalia unavyopungua ukiweka kazi yenyewe. Kama kila mmoja akifika anatumia sekunde 10 kukata au kujenga, hizo ni sawa na miraba 46 kwa kila mtu, 92 kwa wote wawili. Jumla sasa ni 167 dhidi ya 127, na faida imeshuka hadi asilimia 24. Kazi ikiwa ya sekunde 40, jumla ni 443 dhidi ya 403: asilimia 9. Kadiri kazi inavyorefuka, ndivyo swali la nani aende linavyopungua uzito.

Lakini pigo kubwa zaidi kwa ugawaji wa pamoja liko mahali ambapo watu hawaangalii. Njia ya Kuhn inachukulia kwamba watu wote wako huru kwa wakati mmoja. Makazi hayaendi hivyo. Tuseme wakazi 50, kila kazi ikichukua sekunde 20 pamoja na mwendo. Kwa wastani watu 2.5 wanamaliza kazi kila sekunde, mmoja kila mipigo 24. Anapouliza, wale 49 wengine wako katikati ya shughuli zao. Mtu mmoja huru, kazi 500 zinazongoja: ugawaji bora wa pamoja wa mtu mmoja ni kumpa iliyo karibu naye. Kanuni mbili zilizoonekana tofauti kwa asilimia 53.3 zinatoa jibu lilelile.

Zinatofautiana pale kundi zima linapokuwa huru pamoja: asubuhi wakiamka, au king'ora cha hatari kikinyamaza. Chukua asubuhi. Mkazi mwenye sekunde 500 za kazi na kazi za sekunde 20 hufanya kazi 25 kwa siku, na moja tu kati yake imechaguliwa katika kundi. Hiyo ni asilimia 4. Asilimia 53.3 ya asilimia 4 ni asilimia 2.1 ya mwendo wote. Na kama mwendo ni nusu ya muda wa kazi, faida kwa makazi ni asilimia 1 na kitu kidogo. Makazi yanayoshambuliwa kila siku yatapata makundi zaidi. Kwa mashambulizi mawili kwa siku namba hiyo inafika asilimia 3 hivi. Sidhani kuna mchezaji atakayeigundua kwa macho.

Hali hugeuka wakazi wanapozidi kazi. Dwarf Fortress, gemu ambayo ndugu Tarn na Zach Adams walianza kuitengeneza mwaka 2002 na kuitoa kwa mara ya kwanza Agosti 2006, kwa kawaida huachia ngome kukua hadi vibeti mia mbili hivi, na mara nyingi kadhaa kati yao wamekaa bure. Hapo kazi mpya ikizaliwa, si busara kumngoja kibeti mmoja aje kuuliza. Kazi ndiyo inapaswa kumtafuta aliye karibu. Kilicho haba ndicho kichague. Sheria hiyo ni fupi, haihitaji Kuhn, na inafanya kazi pande zote mbili.

Mpaka hapa gharama imehesabiwa kwa miguu ya mkazi. Kuna anayelipa mwingine: kompyuta. Kwa mipigo 60 kwa sekunde, kila mpigo una milisekunde 16.67 za kufanyia kila kitu, pamoja na moto, mimea, hali ya hewa na wanyama. RimWorld ikiendeshwa kwa kasi ya mara 6, mipigo ni 360 kwa sekunde na nafasi inabaki milisekunde 2.78.

Wakazi 50 na kazi 500 ni jozi 25,000. Nitachukua kwamba umbali wa mstari ulionyooka unapigwa kwa nanosekunde 10, na kutafuta njia halisi, inayozunguka kuta na milima, kunachukua mikrosekunde 100. Namba hizi mbili ni dhana zangu, na zitabadilika kwa kompyuta na kwa ramani. Uwiano wake ndio wenye maana. Kwa mstari ulionyooka, jozi zote zinamalizika kwa milisekunde 0.25. Kwa njia halisi zinachukua sekunde 2.5. Hizo ni nafasi za mipigo 150 kwa kasi ya kawaida, 900 kwa kasi ya mara 6. Gemu ingesimama kama imekufa.

Kwa hiyo mtunzi anashawishika kutumia mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka unasema uongo. Gogo liko nyuma ya ukuta, miraba 3 kwa mstari, miraba 60 kwa kuzunguka hadi mlangoni. Mkazi anaacha kazi iliyo miraba 10 na kulifuata gogo la "miraba 3". Sekunde 13, asilimia 2.6 ya siku, kwa kosa moja. Nadhani sehemu kubwa ya vituko ambavyo wachezaji huvirekodi na kuvicheka ina mzizi hapa, katika kupima umbali. Uchaguzi ulikuwa sahihi kwa namba ulizopewa.

Dawa ya bei nafuu ipo. Mkazi achuje kwa mstari ulionyooka, abaki na kazi 5 za karibu, kisha hizo tu ndizo zitafutiwe njia halisi. Kutafuta njia kwa zote 500 ni milisekunde 50. Kwa 5 ni nusu milisekunde. Na kwa kuwa mkazi mmoja tu ndiye anayeuliza kila mipigo 24, wastani ni milisekunde 0.02 kwa mpigo, chini ya asilimia 1 ya nafasi hata kwa kasi ya mara 6. Udhaifu wake ni kwamba zote 5 zinaweza kuwa nyuma ya ukuta uleule, na ya sita, iliyo wazi, isiulizwe.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwa sababu haizai chochote. Mkazi aliyepata kazi ananyamaza kwa sekunde 20. Aliyekosa anauliza tena. Wakazi 10 wasio na kazi wakiuliza kila mpigo, hayo ni maswali 600 kwa sekunde, dhidi ya 2.5 ya wale 50 wenye shughuli: mara 240. Wavivu ndio wanaoichosha kompyuta. Kuwaagiza waulize mara moja kila mipigo 30 kunashusha maswali hadi 20 kwa sekunde, na mkazi anachelewa kwa nusu sekunde, tena akibahatika vibaya.

Njia isiyokuwepo ni ghali kuliko iliyopo. Njia ya kutafuta inayotumika katika gemu nyingi ni ile ya A*, iliyochapishwa mwaka 1968 na Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael. Lengo likifikika, hukagua miraba michache inayoelekea huko. Lengo lisipofikika, hukagua kila mraba unaofikika kabla ya kukubali kushindwa. Katika ramani ya miraba 62,500 hayo ni makumi ya maelfu kwa swali moja lisilo na jibu. Dwarf Fortress inatumia A*, na Tarn Adams ameeleza mara kadhaa kwamba gemu hutunza namba za maeneo yaliyoungana: sehemu mbili zikiwa na namba tofauti, hakuna haja ya kuanza kutafuta. Ukaguzi wa namba mbili unaokoa ukaguzi wa maelfu.

Gharama ya kompyuta mwisho humfikia mchezaji kwa saa yake ya ukutani. Mwaka wa Dwarf Fortress una miezi 12 ya siku 28, na siku ina mipigo 1,200: jumla 403,200. Kwa kikomo cha kawaida cha mipigo 100 kwa sekunde, mwaka unapita kwa dakika 67 na sekunde 12. Ngome ikizeeka na kasi ikashuka hadi 20, mwaka uleule unachukua saa 5 na dakika 36.

Weka mizani juu ya meza. Tuseme kanuni mpya inawafanya wakazi wazalishe asilimia 10 zaidi kwa mwaka, lakini inashusha kasi kutoka mipigo 100 hadi 80. Mwaka unarefuka kutoka dakika 67.2 hadi 84, ongezeko la asilimia 25. Uzalishaji kwa kila dakika ya mchezaji ni 1.10 gawanya kwa 1.25, yaani 0.88. Wakazi wamekuwa werevu zaidi na mchezaji amepoteza asilimia 12. Anayependa kutazama ngome yake polepole hatajali. Anayengoja mavuno atajali.

Pendekezo jingine linalorudi mara kwa mara ni alama: kila kazi ipewe umuhimu, ugawanywe kwa muda unaohitajika, mkazi achukue yenye alama kubwa. Kupika kuna umuhimu 4, jiko liko miraba 100, mwendo na kupika ni sekunde 31.7, alama 0.126. Kubeba fungu lililo miguuni kuna umuhimu 1, sekunde 3, alama 0.333. Kubeba kunashinda, na kwa jicho la haraka ni busara. Sasa weka mafungu 30 kama hilo. Yote yatashinda, moja baada ya jingine, na jiko litasubiri sekunde 90, asilimia 18 ya siku. Wenye njaa hawatapata faraja kwamba sakafu imesafishwa.

Ubaya uko kwenye ile 4. Kipaumbele cha mchezaji ni namba ya foleni: inasema nani yuko mbele ya nani, haisemi kwa mara ngapi. Ukiigawanya kwa sekunde, umeigeuza kuwa kiasi bila ruhusa ya aliyeiandika. Oxygen Not Included ya Klei Entertainment, iliyotoka rasmi Julai 2019, ina kipaumbele 1 hadi 9 juu ya kazi, ngazi za kipaumbele kwa kila mkazi, na kitufe cha ukaribu ambacho mchezaji akikiwasha ukaribu unapewa nafasi kuliko mpangilio wa aina za kazi. Watunzi hawakuamua kwa niaba ya mchezaji. Waliliacha swali mkononi mwake. Gemu hiyo hupima siku kwa sekunde 600, na huko pia mwenye mtandao wa ngazi ndefu hulipa kwa miguu.

Tufike kwenye shilingi. Saa moja ya mtengeneza programu niiweke shilingi 40,000 za Tanzania. Msomaji anaweza kuizidisha mara mbili, uwiano hautabadilika. Ubebaji wa mafungu kadhaa niukadirie saa 60: shilingi 2,400,000. Ugawaji wa pamoja, pamoja na majaribio yake, saa 160: shilingi 6,400,000. Tukichukua kwamba mwendo wa ubebaji ni asilimia 15 ya muda wote wa kazi wa makazi, kuokoa asilimia 74 yake ni pointi 11.1, na kwa sababu ya chuma na mawe nikate nusu, zibaki 5.5. Ugawaji wa pamoja tulishaona unaleta pointi 1. Kila pointi ya ubebaji inagharimu shilingi 436,000. Kila pointi ya ugawaji inagharimu 6,400,000. Ya pili ni ghali karibu mara 15.

Saa 60 zinaweza kuwa matumaini matupu. Kazi za programu zina tabia hiyo. Zifanye 180. Pointi moja inakuwa shilingi 1,310,000, bado moja ya tano ya ile nyingine. Ili bei zilingane, ubebaji ungelazimika kula saa 880. Hitimisho hili linavumilia makosa makubwa ya makadirio, tofauti na ile asilimia 15, ambayo ikishuka hadi 3 inaibomoa sehemu kubwa ya faida.

Kwa gemu iliyouzika, hata hivyo, fedha hizo ni kidogo. Dwarf Fortress ilipoingia Steam, duka la gemu la mtandaoni, tarehe 6 Desemba 2022 iliuzwa dola 29.99. Kwa kukadiria dola kwa shilingi 2,600 hiyo ni 77,974. Steam ikichukua asilimia 30 yake ya kawaida, zinabaki 54,582 kabla ya kodi na mgawo wa mchapishaji. Shilingi 6,400,000 ni nakala 118. Mauzo ya mwezi wa kwanza yalikaribia nakala nusu milioni, na ukiitandaza gharama hiyo juu yake, kila nakala inabeba shilingi 12.8. Kinachoumiza ni saa zenyewe: 160 ni wiki nne kamili, na kwa miaka mingi programu ya gemu hiyo iliandikwa na mtu mmoja.

Imebaki dhana ambayo hesabu zote hizi zimeibeba kimyakimya: kwamba muda wa mkazi ukiokolewa, makazi yanapata kitu. Chukua watu 10 wa RimWorld. Kila mmoja huhitaji lishe ya 1.6 kwa siku, na mlo wa kawaida una 0.9, kwa wote ni milo 17.8. Kila mlo hutumia punje 10 za mchele, na mche mmoja wa mpunga hutoa 6. Zinahitajika punje 178, miche 29.7 ya kuvuna kila siku. Kwenye udongo wa kawaida mpunga huchukua takriban siku 5.5 kukomaa, kwa hiyo lazima miche 163 iwe ardhini muda wote.

Shamba lina miche 120. Mavuno ni 21.8 kwa siku, punje 131, milo 13.1, na watu wawili na zaidi kati ya 10 hawana sahani. Mchezaji anatazama jikoni, anamwona mpishi akizunguka, anaandika kwamba wakazi hawajui kuchagua kazi. Mlo wa kawaida unahitaji mipigo 300 ya kupika. Milo 13.1 ni mipigo 3,930 kati ya 30,000: mpishi huyo anahitaji asilimia 13.1 tu ya siku yake kuipika kila punje iliyoingia ghalani.